Sindano Iliyokubaliwa na Mtu Mwingine

Katika wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta muuguzi mmoja kijana, koti lake jeupe limepigwa pasi vizuri, akimwuliza mwanamke aliyekaa pembeni ya kitanda: "Amelalaje? Amekula? Bado anasikia sauti?" Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kitanda hichohicho, macho wazi, masikio mawili, mdomo mmoja, na hakuulizwa kitu. Nilitoka nikasimama karibu na bomba la maji ili hasira zipungue, maana nilikuwa nimeshaagwa na kupewa chupa ya chai, na haipendezi mtu kuagwa halafu akagomba. Sasa niko nyumbani, chupa ya chai inafanya kazi yake, na hasira hazijapungua hata kidogo. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wauguzi vijana.

Hamtasikia hapa habari za vyeo. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena, na wagonjwa hawakuona tofauti yoyote. Nataka kuwaeleza nilivyoanza, kisha mgonjwa mmoja ambaye hadi leo sijamsahau.

Nilifika Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikitokea Tanzania. Wazazi wangu walikimbilia huko kabla sijazaliwa, na huko ndiko nilikosomea uuguzi wa afya ya akili. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni: niliweza kuomba chumvi na kumkaripia mtoto. Wenzangu waliniita Mtanzania, na kila nilipofungua mdomo kwa Kiswahili changu kulikuwa na mmoja wa kusema, "Sikilizeni, redio imeanza." Nilicheka nao. Kicheko kilikuwa adimu siku zile, na kama mimi ndiye niliyekileta, sawa.

Wodi yetu ilikuwa mwisho kabisa wa hospitali, ukishapita chumba cha dobi: chumba cha wanaume, chumba cha wanawake, na kabati moja. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati lile kwa heshima kubwa. Nikalifungua nikidhani nitakuta dawa, nikakuta kamba za kufungia wagonjwa. Kamba za kila unene, zimekunjwa vizuri kuliko shuka zetu. Siku ileile nilimpelekea dobi zote, na shuka za wodi ya wazazi zilikauka juu yazo miaka mingi. Zilikuwa kamba imara sana.

Chombo changu mimi kilikuwa kigoda. Msinicheke. Mwalimu wangu kule Tanzania, Bwana Mlekwa, mwanamume mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa mkali kwa jambo moja: usizungumze na mgonjwa aliyelala huku umesimama juu yake kama askari. Keti. Basi mimi nilitembea na kigoda wodini, na wenzangu wakauliza kama nakwenda kukamua ng'ombe. Jambo la pili alilotufundisha Bwana Mlekwa lilihusu ng'ombe kwelikweli. "Mgonjwa akikwambia ameibiwa ng'ombe," alisema, "usikimbilie kuandika kwamba amechanganyikiwa. Kwanza kaulize kama alikuwa na ng'ombe." Darasa lilicheka, lakini mimi neno lile lilinikaa kichwani.

Sasa niwaeleze jambo mnalolijua, kwa sababu mnalijua mno hata hamlioni tena. Mgonjwa kwetu haji peke yake, anakuja na murwaza, yaani mtu wake wa kumtunza. Murwaza ndiye anayepika, anayefua na anayelala chini kwenye mkeka. Hospitali ilitoa kitanda na dawa, na chakula kilitoka kwa murwaza, kwa hiyo asiye na murwaza hakupokelewa, na akipokelewa alishinda njaa. Ni desturi nzuri, na wengi walipona kwa mikono ya warwaza kuliko kwa mikono yetu. Lakini kwenye wodi yangu ilikuwa imeota pembe. Kwa kuwa murwaza ndiye mwenye sufuria, akawa ndiye mwenye maelezo. Kwa kuwa ndiye mwenye maelezo, akawa ndiye wa kukubali dawa. Mgonjwa alibaki na kazi moja tu, kumeza.

Mama Konsolata aliletwa asubuhi moja ya mvua, ameshikwa mikono na wanaume wawili. Nyuma yao alifuata murwaza wake, Bwana Faustini, mfanyabiashara wa maharage wa Mahoko, mji mdogo nje ya Gisenyi, mtu wa kwaya, shati safi, sauti ya upole. Alikuwa amerudi kutoka Masisi, upande wa Kongo, akiwa na watoto wengi na godoro moja.

"Huyu mama anateseka sana," alituambia. "Kila asubui anakuja kusimama mbele ya mulango yangu, analia, anasema nyumba iko yake. Watoto yangu wanaogopa. Bon, mi nikasema, ni mutu wa Mungu, tumupeleke ku hospitali. Hana ndugu. Mi nitakuwa murwaza wake."

Wodi nzima ilimpenda. Mtu baki, si ndugu, anabeba chakula kutoka Mahoko kwa ajili ya mjane asiye na mtu! Muuguzi mwenzangu, Dieudonné, alisema Wakristo kama hawa wamebaki wachache. Daktari mkuu, ambaye alishinda chumba cha upasuaji akiunga mifupa ya watu na kuja kwetu amechoka mpaka kope, alisikiliza maelezo yote kutoka kwa Bwana Faustini, akamtupia Mama Konsolata jicho moja, akaandika: wazo potofu lisiloondoka, anaamini nyumba ya jirani ni yake.

Chakula kilikuja, ugali na sombe, yaani kisamvu, ndani ya sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Mama Konsolata aliitazama ile sahani, akaisukuma.

"Iyo sahani ni yangu," alisema.

Watu waliangua kicheko. Nyumba ni yake, sasa na sahani pia! Dieudonné akaongeza kwenye maelezo: anakataa chakula. Kesho yake hakula, keshokutwa hakula, na kila alichokataa kilihesabiwa kuwa dalili. Hapo ndipo nilipochukua kigoda changu nikaenda kuketi.

"We unasikia Kiswahili?" aliniuliza. Mwenyewe alikuwa amekijulia Goma, ng'ambo ya mpaka, katika kambi ya wakimbizi. "Basi sikia. Mi siko mugonjwa. Niko na hasira. Bwana yangu alijenga ile nyumba. Tulikimbia, nikamuzika kule ng'ambo. Nilipotoka kule nikakuta watu ndani. Nikagonga mulango yangu kama mugeni, munganga! Nikaenda kwa konseye, mukubwa wa sekta yetu, akasema atakuja kusikiliza maneno yangu. Kiisha kusema ile, ule Faustini akanileta huku."

"Na sahani?"

"Igeuze."

Niliigeuza. Chini, katikati, palikuwa na alama ndogo ya rangi nyekundu ya kucha.

Wanawake mtanielewa. Sehemu nyingi akina mama wanaoazimana vyombo vya harusi huvitia alama chini, kila mmoja rangi yake, ili sherehe ikiisha kila mtu arudi na vyake. Lakini alama nyekundu inaweza kuwa ya yeyote. Sikuwa na haki ya kumwamini kwa sababu tu nilimpenda, kama vile wenzangu hawakuwa na haki ya kutomwamini kwa sababu tu murwaza alikuwa na shati safi. Nilipaswa kuuliza kama alikuwa na ng'ombe.

Bwana Faustini hakungoja. Aliomba mgonjwa apewe sindano ya mwezi, na daktari akaiandika. Hiyo ni sindano ambayo ukishaichoma leo dawa inakaa mwilini wiki nyingi, na hakuna wa kuichomoa. Ni dawa nzuri kwa anayeihitaji. Nilimfuata daktari hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Mgonjwa hajakubali," nikamwambia.

"Murwaza amekubali."

"Murwaza hachomwi, daktari."

Alivua kofia yake ya kijani akajifuta jasho. "Madame, mutu mwenye akili haitaji ile sindano, na asiye na akili hawezi kukubali. Donc nani akubali? Na ukimufukuza ule bwana, ni nani atamulisha? Ni we?"

Swali la mwisho lilikuwa la kweli, na ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ina maana mwanamke yule aliuzwa kwa sahani ya ugali! Nikamwomba anipe muda hadi Ijumaa, niende Mahoko kuuliza. Akasema haya, hadi Ijumaa. Kuhusu chakula, jibu lilitoka kwa Mama Aziza, mwanamke wa Kiislamu wa pale Gisenyi aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Goma kila siku na mafungu ya nyanya, na ambaye alimtunza mdogo wake kitanda cha jirani. Alisikia kila kitu, kama warwaza wote wanavyosikia kila kitu. Akaisogeza sufuria yake katikati ya vitanda viwili. "Mama, kula," akamwambia Mama Konsolata. "Iyi sahani yangu haina maneno." Akala mpaka akalamba vidole. Ile dalili ya kukataa chakula ikawa imepona bila sindano, na hakuna aliyejisumbua kuifuta kwenye maelezo.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Barabara ya Mahoko wakati ule ilikuwa ya kuomba Mungu, unakwenda mchana na kurudi mchana, na askari wanakuuliza unakwenda kwa nani. Nilishuka sokoni nikaitafuta nyumba. Jirani wa kwanza hakujua kitu. Wa pili hakujua kitu na akafunga dirisha. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima akichambua maharage mlangoni pake, naye pia aliniambia, "Mi sijui maneno ya watu." Nikamwuliza jambo dogo tu: hapa mtaani kwenu, vyombo vya harusi mnavitia alama?

Akainuka, akaleta sahani yake, akaigeuza. Alama ya kijani. "Kila mama na rangi yake," akasema. "Mi kijani. Kule ku kona, nyeupe. Nyekundu ni ya Konso." Akachungulia njia pande zote mbili. "Yoo! Konso iko muzima? Wanasema amekuwa musazi, kichwa imeharibika. Ile nyumba ni bwana yake alijenga, mi nilipikia mafundi. Lakini jina yangu usilitaje, mama. Usilitaje." Sikulitaja, na silitaji leo.

Nilirudi nimekaa juu ya magunia ya viazi nyuma ya pikapu, moyo mweupe. Nilimwona Bwana Faustini kichwani mwangu, na nitakuwa mkweli: kwa kuingia kwenye nyumba ile sikumchukia. Masisi walimchomea ya kwake, watoto walinyeshewa, nyumba ilikuwa tupu, akaonyeshwa akaingia. Wengi tulifanya hivyo. Nilimchukia kwa kumletea mwenye nyumba sadaka ndani ya sahani yake mwenyewe, na kusimama pembeni akisifiwa.

Nilipofika wodini Dieudonné alikuwa akinawa mikono.

"Ule wako ametulia sasa," akaniambia. "Nimemudunga."

"Daktari alisema Ijumaa!"

"Bon, imeandikwa, mi nafuata maandiko. Tena murwaza amekuja mwenyewe, amekubali."

"Na yeye, alisema nini?"

"Nani?"

Aliuliza "nani" kwa moyo safi kabisa. Hakuwa na hila. Wanaume wawili wa usafi walimshika, yeye akachoma, akapaka spiriti, akashukuriwa. Ahadi ya daktari ilikuwa ya mdomo, na daktari mwenyewe alikuwa ameshaisahau akiunga mguu wa mtu. Nilimtukana Dieudonné kwa Kiswahili cha redio ambacho redio haijawahi kukitoa. Hadi leo sijamwomba radhi, na wala sikusudii kumwomba.

Mnaosoma haya mnajua kilichofuata, kama mlikuwa macho darasani. Baada ya siku chache shingo ya Mama Konsolata ilikakamaa ikapinda upande. Macho yakapanda juu. Ulimi ukamjaa mdomoni, mate yakamchuruzika mpaka kifuani, na mikono ikatetemeka asiweze kushika kikombe. Dawa ya kulegeza mkakamao ule ipo, ni vidonge vidogo vya kawaida. Duka la dawa la hospitali halikuwa navyo. Tulikuwa na dawa ya kumfunga, na hatukuwa na ya kumfungua. Mama Aziza aliahidi kuitafuta Goma.

Konseye wa sekta alifika kabla ya vidonge. Alikuja kama alivyoahidi, mtu wa heshima, kofia mkononi, na Bwana Faustini nyuma yake amebeba chakula. Konseye akainama. "Mama, nimekuja. Eleza maneno yako."

Mama Konsolata alijaribu. Niliona kila msuli wa uso wake ukijaribu. Yale maneno aliyoniambia pale kwenye kigoda, yaliyonyooka kama kamba, yalitoka kama sauti ya mtoto mchanga, na mate yakatangulia mbele ya kila neno. Konseye aligeuza uso kwa huruma.

Nikasema hapo hapo, mbele ya wote. "Mheshimiwa, hiyo ni dawa yetu. Huo si ugonjwa wake. Wiki iliyopita alikuwa anasema kama wewe na mimi." Nikachukua sahani ile ile mkononi mwa Bwana Faustini, nikamwaga chakula, nikaigeuza, nikamweleza habari za rangi.

Bwana Faustini hakubisha. "Vyombo nilivikuta ndani ya nyumba siku niliingia," akasema polepole. "Sikatai. Pengine nyumba ilikuwa yake. Lakini mumuangalie."

Konseye alimwangalia, kisha akanigeukia mimi. Hakuwa mtu mbaya, aliuliza kama anayetaka kuelewa. "Munganga, kama hakuwa mugonjwa, kwa nini mulimupa dawa?"

Nimekaa kazini miaka mingi baada ya siku ile. Nimeulizwa maswali na madaktari, na mahakimu, na wazazi waliofiwa. Hilo sijapata kulijibu, kwa sababu halina jibu ambalo halituvui nguo. Dieudonné akawa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa.

Uamuzi wa konseye ulikuwa huu: mali ya mgonjwa itunzwe na yule anayemtunza mgonjwa, hadi hapo atakapopona. Na nani atasema kwamba amepona? Daktari. Na daktari alikuwa akimwuliza nani hali ya mgonjwa? Naam, mmeshaelewa. Tulianza na sufuria, tukafika kwenye nyumba, na kila hatua ilionekana ya huruma.

Vidonge vya Mama Aziza vilikuja, shingo ikanyooka, mikono ikaendelea kutetemeka kwa wiki nyingi hadi dawa ilipoisha mwilini. Daktari alipita siku moja akamkuta ameketi anashona kitenge cha Mama Aziza. "Umeona?" akaniambia kwa furaha. "Sindano imefanya kazi." Nilikwenda hadi ofisi ya komini, iliyo juu ya konseye, kueleza, nikajibiwa kwamba uamuzi umeshatoka na murwaza hajalalamika. Niliporudi nikaitwa na wakubwa nijieleze kwa nini nilimwaibisha mwenzangu mbele ya kiongozi. Nilijieleza, tena kwa sauti.

Siku hizi mna karatasi za ridhaa, zimechapwa vizuri, na mna sheria ambazo sisi hatukuwa nazo. Nimeziona karatasi hizo zikipelekwa moja kwa moja kwa murwaza na kalamu juu yake. Mnaniambia mgonjwa hana akili timamu. Asiye na akili timamu leo asubuhi huenda anayo mchana, je, ulirudi mchana? Umemweleza sindano itamfanya nini shingoni? Aliyemleta, anapata nini mgonjwa akinyamaza? Kuuliza hivyo si ubaya wa moyo. Tunalipwa kwa ajili ya yule aliyelala kitandani, na aliyeketi kwenye mkeka tumshukuru, tumpe kiti, lakini mwili si wake.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alisaini kwamba ametulia, hakuandika kwamba amepona, na Bwana Faustini akafika na shati lake safi kumchukua. Mama Konsolata alimpita kama mtu anavyopita mlingoti. Alikuwa na mpango wake: angekaa kule Nyakiriba kwa binamu yake, ndugu ambaye sisi hatukuwahi kumwuliza habari zake, amlimie viazi, na kila siku ya ofisi ashuke kwenda komini kudai nyumba yake. Nyumba hakuipata mwaka ule, na nilipopata habari zake mara ya mwisho alikuwa bado anadai. Nilimsindikiza. Njiani nilianza kumwambia kwamba mimi nilijua toka mwanzo kuwa yeye si mgonjwa. Akanikatiza.

"Usiniambie mi. Mi nilijua. Ambia wao."

Tukafika getini. Ilikuwa amri kwamba mgonjwa wa wodi yetu hatoki ila mkononi mwa murwaza, na mlinzi aliijua amri hiyo kuliko jina lake. Akauweka mwili wake katikati ya njia.

"Murwaza wako iko wapi?"

"Ni mi," akasema Mama Konsolata.

Mlinzi akacheka kidogo, akaniangalia mimi juu ya bega la Mama Konsolata, akingoja nimjibu.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Umemwuliza yeye, na amekujibu."